Kuunganisha IC-7300 na amplifaya ya zamani ya SB-220

Ndugu wa Jinja, umeuliza kama tundu la SEND (linaloiambia amplifaya kwamba redio inatuma) la redio yako ya mawasiliano, Icom IC-7300, linaweza kuunganishwa moja kwa moja na tundu la rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) la amplifaya ya Heathkit SB-220. Tafadhali usifanye hivyo. Waya wa kuamsha rilei katika amplifaya hiyo hubeba takriban volti 120 za mkondo mnyoofu, ilhali SEND ya redio yako ina kikomo cha volti 16 na nusu ampea, kwa hiyo ungekuwa unahatarisha redio ya gharama kwa sababu ya waya mmoja. Weka kati yao rilei ndogo ya volti 12, yenye diodi (kipitisha umeme upande mmoja) iliyofungwa kinyume sambamba na koili, na miguso ya swichi yake ndiyo ibebe zile volti 120.

Waya wa ALC, unaoiwezesha amplifaya kupunguza nguvu ya redio yenyewe, mimi ningeuacha kabisa. Punguza wati kwenye redio yenyewe, kisha upandishe polepole huku ukitazama mkondo wa gridi (sehemu ya ndani ya valvu za amplifaya), ukitumia mzigo wa majaribio wa omu 50 badala ya antena.

Kwa kuwa mashine hizi zilitengenezwa Marekani, huenda transfoma bado imefungwa kwa volti 120, nayo soketi zetu Uganda zinatoa 240. Lihakiki hilo kabla ya kuchomeka. Ukilazimika kufungua kifuniko, chomoa plagi kwanza, usubiri mita ya volti kubwa ishuke hadi sifuri, kwani ndani mna zaidi ya volti 2,000, na kapasita hazitoi chaji papo hapo.