Dawa za TB ni bure, ila mgonjwa anazimezea wapi?

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini wanaolala kwenye baraza za maduka hapa Arusha mjini hawaendi kutibiwa wakati dawa za kifua kikuu ni bure. Mimi nauza uji na chapati pembeni ya soko la Kilombero, huu mwaka wa 9. Nikujibu kwa niliyoyaona.

Kulikuwa na kaka mmoja msukuma mkokoteni, mteja wangu wa alfajiri. Masika moja alikohoa mpaka wenzake wakaanza kukwepa kikombe alichonywea. Nikamwambia nenda kapime. Akaenda, akarudi kabla ya saa nne. "Wamejaa, mama." Baadaye sana ndiyo akanieleza ukweli: dirishani aliulizwa mtaa gani, nyumba ya nani, balozi nani, namba ya simu. Alijibu Kilombero. Nyumba ya nani? Akanyamaza, watu wa foleni wakamgeukia, akaondoka. Kituo sikitaji, na sidhani yule dada wa dirishani alikuwa na nia mbaya. Fomu ina nafasi ya makazi, naye hana makazi.

Safari ya pili nilimpeleka mwenyewe, kituo kingine. Muuguzi pale aliandika mtaa wangu na simu yangu, na mimi ndiye nikawa msimamizi wake wa matibabu. Makohozi yakapimwa, TB ikaonekana. Miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne zikiwa ndani ya kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Nikadhani kazi imekwisha.

Wiki ya pili akapotea siku tatu. Kumbe mkojo ulikuwa mwekundu, akaona anakufa kwa damu. Ni ile rifampicin, ndivyo inavyofanya, na mwenye mke au mama ndani ya nyumba angetulizwa usiku uleule. Yeye alikuwa na nani wa kumuuliza saa saba usiku? Haijapita muda, likafanyika zoezi la usafi, begi lake likazolewa na takataka, dawa zikiwa ndani. Tangu siku hiyo vidonge vyake vilikaa kwangu, kwenye kopo la maziwa juu ya sukari. Anakuja, anameza mbele yangu, anakunywa uji. Uji wa bure, ndiyo, kwa sababu zile dawa zikianza kufanya kazi njaa yake si ya mchezo, na aliyekonda vile mkokoteni hausukumiki.

Watu wa Kilimanjaro wanaijua Kibong'oto kule Siha, ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua. Enzi hizo mgonjwa alilazwa miezi na miezi. Kitanda na chakula vilikuwa ndani ya tiba. Leo tunatibiwa tukiwa nyumbani, ni jambo jema sana, lakini utaratibu mzima umesimama juu ya neno hilo, nyumbani. Hata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Anayelala juu ya maboksi ni kaya ya nani?

Na hili ni jiji la watalii, tanzanite na mikutano ya kimataifa pale AICC. Asubuhi magari ya safari yanajaza mafuta kwenda Ngorongoro, mita chache kutoka alipolala mtu anayekohoa. Mwezi wa saba, baridi ya Meru ikishuka, saruji ile hailaliki. Inaniuma kila mwaka.

Kilichomwokoa hasa ni chumba. Wapiga debe wanne walichanga, wakapata cha 25,000 kule Unga Limited. Waliogopa kulala naye, mpaka muuguzi akawaeleza kwamba akishameza dawa vizuri wiki kama mbili, uwezekano wa kuambukiza unashuka sana, mradi dirisha liwe wazi. Alimaliza miezi yote 6. Makohozi safi.

Kwa hiyo mkuu, ukimwona anayekohoa zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku, anakonda, usimpe 500 ukapita. Nenda naye. Mwulizie afisa ustawi wa jamii pale kituoni, maana asiye na uwezo anaweza kuombewa msamaha wa gharama zile nyingine. Wakiuliza anakaa wapi, taja kijiwe chake na utoe namba yako. Na ofisi za mitaa zingeweza kumwandikia barua hata kama halipi kodi ya chumba. Kila mtu hapa anajua analala baraza gani.

Sasa hivi kuna dogo mbeba mizigo, wiki ya tatu anakohoa, anasema ni vumbi la viazi. Jumatatu uji utauzwa na binti yangu, mimi naenda naye.