Boti ya sabuni imekimbia mara moja ikagoma, na kafuri imelala tu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha fizikia sekondari huku Kongwa. Tulikata boti ya boksi, tukaipaka sabuni ya kipande kwa nyuma na kuiweka kwenye beseni la jikoni. Ilikimbia mara moja; tulipoirudia ikagoma. Mwenzangu akasema tutumie kafuri, nayo ikalala tu. Tatizo ni nini? Na je, ni kweli vitu vinavyoelea hujipanga vyenyewe?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Waambie kwanza wanafunzi kwamba boti ile inavutwa na maji safi yaliyo mbele yake. Uso wa maji umewambwa kama ngozi ya muheme, ile ngoma ya Wagogo, unavuta kila upande. Kwenye nyuzi joto 25, maji safi huvuta kwa milinyutoni 72 (milinyutoni ni sehemu ya elfu ya nyutoni, kipimo cha nguvu) kwa kila mita ya ukingo. Penye sabuni mvuto hushuka hadi kama 30. Kwa hiyo mbele wanavuta kwa nguvu na nyuma wamelegeza kamba.

Fanyeni hesabu ubaoni. Boti yenye upana wa sentimita 2, kwa tofauti hiyo ya kama milinyutoni 40 kwa mita, hupata milinyutoni 0.8, sawa na uzito wa kitu cha gramu 0.08. Mkononi hutausikia. Lakini boti ya gramu 0.2 inaondoka nayo kwa mchapuko wa mita 4 kwa sekunde mraba! Hicho ni kiwango cha juu kabisa, cha pale inapochomoka tu, kwa sababu papo hapo sabuni inaanza kutanda. Ikishafunika beseni zima, mbele na nyuma ni sawasawa, na hata ukiongeza sabuni boti haiendi popote. Msimwage maji tu; beseni lisuguliwe na kusuuzwa mara kadhaa.

Maji yenu yakiwa ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya kwetu, sabuni ya kipande itaganda na kuacha utando mweupe. Tumieni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, au maji ya mvua mliyoyakinga.

Kafuri ina faida moja kubwa: ikishatanda juu ya maji hupaa hewani. Uso unajisafisha nyuma ya boti na tofauti inazaliwa upya kila mara. Yenu kulala nashuku mambo mawili. Vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kuzuia nondo mara nyingi ni naftalini, ambayo huyeyuka kwenye maji kidogo mno. Kafuri halisi huyeyuka kama gramu 1.2 kwa lita. Iulizie kwa wanaouza sanda na ubani.

La pili, ambalo ndilo nalitilia mkazo, ni mafuta. Mwaka 1890 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliweka kafuri kwenye beseni la maji lenye kipenyo cha sentimita 84, akawa anaongeza mafuta ya zeituni kidogo kidogo mpaka kafuri ikatulia. Miligramu 0.81 zilitosha: utando wa unene wa nanomita 1.6 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), karibu urefu wa molekuli moja ya mafuta. Sasa fikiria beseni la jikoni lililowahi kushika mafuta ya alizeti, au kidole kilichotoka kwenye chapati. Shikeni kafuri kwa kibanio kilichooshwa.

Kuhusu kujipanga, ni kweli. Kitu chepesi kinacholowa huinua maji pembeni mwake, yakawa kilima kidogo. Kingine cha aina hiyo kikifika karibu hukipanda kilima hicho, vikagandana. Kinachobonyeza maji huvutwa na mwenzake anayebonyeza, na kilima na bonde hukimbiana. Mvuto huu hufifia haraka kadiri vitu vinavyoachana; kwenye maji, umbali wa kupimia kufifia huko ni kama milimita 2.7. Mwaka 1997 kundi la mkemia George Whitesides kule Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lilitumia vibao vya pembe sita vyenye ukubwa wa milimita chache, likachagua pande za kulowa na za kutolowa, na vibao vikajipanga kwa mpangilio uliotegemea pande hizo.

Jaribuni hivi. Kateni kiini cha bua la mtama vipande vya milimita 5, baadhi ya pande mzipake nta ya mshumaa. Upande wenye nta hauinui maji kama upande mtupu, hivyo tazameni vinashikana kwa pande zipi. Kisha rudieni, kila kipande kikiwa na kafuri ndogo kama punje ya uwele. Vitakimbiana, maana kafuri hulegeza maji yaliyo kati yao na ya nje yanawavuta waachane. Kafuri ikikwisha vitaanza kugandana vinapokutana. Wanafunzi wapime muda wa hatua hizo mbili.

Kafuri ni sumu ikimezwa, Mwalimu. Ihesabu kabla ya kipindi, na baki lirudi mkononi mwako.