Kwa Anayeanza Kusoma Mabinogion

Ukiishika Mabinogion, mkusanyo wa hadithi za kale za Wales, kwa mara ya kwanza, ruka utangulizi, utaurudia baadaye. Wala usianze na hadithi ya Culhwch na Olwen kwa sababu tu umesikia kwamba Mfalme Arthur yumo. Anza na Tawi la Kwanza (hadithi nne kati ya hizo huitwa Matawi), habari za Pwyll mtawala wa Dyfed huko Wales, na ulisome kwa sauti. Nimeona wengi wakiishia njiani, na karibu wote walikuwa wakisoma kimya kimya huku wakihangaika kukariri majina.

Hadithi hizi 11 za Wales zimetufikia hasa kupitia vitabu viwili vilivyoandikwa kwa mkono. Kitabu Cheupe cha Rhydderch, cha kama mwaka 1350, kimo katika Maktaba ya Taifa ya Wales huko Aberystwyth. Kitabu Chekundu cha Hergest, kilichoandikwa muda mfupi kabla na baada ya mwaka 1400, kinatunzwa Oxford. Lakini maneno yenyewe yana pumzi ya msimulizi: sentensi fupi, mazungumzo mengi, mambo yanayotokea mara tatu. Macho huchoka na marudio hayo, ilhali sikio huyasubiri kwa hamu.

Kuhusu majina, Mswahili ana nafuu kubwa. Mkazo wa Kiwelshi kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Herufi dd ni dh ya dhahabu, ch ni kh ya Khamisi, f moja husomwa v, na w mara nyingi ni u tu. Inayosumbua ni ll: weka ulimi kama unayetaka kusema l, kisha puliza hewa pembeni. Ukikosea, endelea. Hakuna hadithi iliyokufa kwa sababu ya ll.

Sasa angalia Rhiannon anavyoingia. Pwyll amekaa juu ya kilima cha Arberth, mahali ambapo mtu wa heshima hatoki bila kupata majeraha au kuona ajabu. Anapita mwanamke juu ya farasi mweupe, mwendo wa taratibu kabisa. Mtu anatumwa kumfuata. Kadiri anavyokazana ndivyo mwanamke anavyozidi kuwa mbali, na mwendo wake haujabadilika. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu Pwyll anamfukuza mwenyewe mpaka farasi wake anaishiwa nguvu, ndipo anapomsihi asimame. Rhiannon anajibu kwamba atasimama kwa furaha, na kwamba ingekuwa heri kwa farasi kama angeombwa mapema. Unaposomea watu, nyamaza kidogo hapo. Waache wacheke, waache wamfahamu huyu mwanamke kwa jibu lake. Usikimbilie kueleza kwamba wataalamu wengine humhusisha na mungu wa kale wa kike wa farasi. Ni dhana nzuri ya kujadili, ila ukiitanguliza, wasikilizaji wataanza kutafuta miungu na kumsahau mke atakayesingiziwa kumuua mwanawe, kisha aamriwe kukaa langoni akisimulia kosa hilo na kujitolea kuwabeba wageni mgongoni.

Tawi la Pili, la Branwen, lipe jioni nzima. Ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloumiza zaidi. Branwen anaozwa kwa mfalme wa Ireland. Efnisien, nduguye wa upande wa mama, hakuulizwa, basi anawakatakata farasi wa wageni midomo, masikio na mikia. Fidia inatolewa, lakini fedheha haiishi. Huko Ireland Branwen anatolewa kitandani kwa mumewe, anatiwa jikoni, na kila siku mchinjaji anampiga kofi. Kwa miaka mitatu anamlea kwezi kwenye ukingo wa chombo cha kukandia unga, anamfundisha maneno, kisha anamfungia barua chini ya mbawa na kumtuma kwa kaka yake. Vita inayofuata inawarudisha nyumbani wanaume saba tu. Wapo wanaopunguza ukatili huu wanaposimulia, hasa pale Gwern, mtoto wa Branwen, anapotupwa motoni. Mbele ya watoto wadogo, chagua tawi lingine. Lakini ukichagua hili, lisimulie lilivyo, maana ukiutoa ule moto, kilio cha Branwen kinakosa sababu.

Ukitaka kuwatumia wenzako maandishi, tafsiri ya Kiingereza ya Charlotte Guest, iliyoanza kutoka mwaka 1838, haina tena hakimiliki; isambaze bila wasiwasi. Lugha yake ni ya enzi zake, na baadhi ya sehemu zinazogusa ngono alizipunguza, kwa hiyo Tawi la Nne utalielewa vizuri zaidi kwa tafsiri ya Sioned Davies (2007), ambaye alitafsiri akifikiria msomaji wa sauti. Kitabu hicho bado kina hakimiliki: nunua au azima maktaba, usipige picha kurasa na kuzirusha kwenye makundi.

Culhwch na Olwen ije baada ya Matawi yote manne. Humo Culhwch anataja majina zaidi ya 200 ya watu wa Arthur kwa mfululizo mmoja. Gawaneni orodha hiyo kwa zamu na muiseme haraka. Ikisomwa hivyo ni burudani, ikisomwa polepole ni adhabu. Ndoto ya Rhonabwy, nyingine kati ya hadithi hizo 11, iwekeni mwisho kabisa. Mwandishi wake mwenyewe anamalizia kwa kusema kwamba hakuna mshairi wala msimulizi anayeijua bila kitabu, kwa wingi wa rangi za farasi, silaha na mavazi yaliyomo. Hiyo someni kitabu kikiwa mkononi.