Ukipeleka mutoto kwenye maonyesho ya fizike, acha mikono yake ifanye kazi

Miaka mbili nimesimama nyuma ya meza siku ya milango wazi ya chuo kikuu kimoja hapa Goma. Mwaka wa kwanza nilikosea sana, nilikuwa naanza na formula ubaoni, batoto wanasikiliza dakika mbili halafu wanakimbilia meza ya jirani fasi kuna kiti ya kuzunguka (unashika mawe mawili mikono wazi, wanakuzungusha, ukivuta mikono kwa kifua kiti inakimbia zaidi).

Meza yangu ilikuwa ya mazuku, ile gazi karboniki yenye inatoka chini ya udongo hapa kwetu na inaua nyama. Unaweka buji tatu ndani ya beseni ya plastiki, moja fupi, moja ya katikati, moja ndefu, unawasha zote, chini umenyunyiza bikaboneti, halafu unamwaga maji ya ndimu polepole pembeni. Povu inapanda, gazi karboniki inatoka, na juu iko nzito karibu mara 1.5 kuliko hewa inajaa chini sawa maji, buji fupi inazimika ya kwanza.

Mwaka wa pili nilibadilisha: nauliza tu "gani itazimika ya kwanza?", mutoto anamwaga yeye mwenyewe, mi nanyamaza. Musichana mumoja akaangalia mpaka buji ya pili ikazimika, akasema "kumbe njo juu mbuzi inakufa na mwenye anaichunga anabaki amesimama". Mbuzi sikuitaja hata kidogo! Ila tafazali mukiwa na meza kama hii mwambie batoto waziwazi, mazuku ya kweli haina rangi, asubuhi bila upepo inajaa kwenye mashimo, hakuna kwenda kuijaribu na buji.

Bazazi sasa. Mwaka jana nilienda na mutoto wa dada yangu, mwanafunzi akamuuliza swali, mi nikajibu kwa haraka, na uso wa mutoto ukafunga palepale. Simama nyuma hatua mbili. Enda mapema mbele ya foleni, meza tatu zinatosha, na mukipenda moja ombeni warudilie na ndimu mingi zaidi.

Meza ya mwisho maji ilikuwa inachemka na temometa imebaki kwa digri 95. Mutoto akauliza "Imeharibika?" Nilifunga kinywa. Mwanafunzi akamuuliza Goma iko juu ya bahari mita ngapi, wakahesabu pamoja, karibu 1,500, hewa inakandamiza kidogo, njo maana maji inachemka mbele ya kufika 100. Jioni alimukuta mama yake jikoni, akamuuliza kama wakati walikuwa kule chini Kinshasa maharagi ilikuwa inaiva haraka.