Mkitaka bendi ya roki chuoni, mtafuteni kwanza mpiga drams

Kila chuo kikifunguliwa, hakosi mdogo wangu mmoja wa Mbeya ataniandikia: "Kaka, tuko wanne, tunataka kuanzisha bendi ya roki, tuanzie wapi?" Ukiuliza nani anapiga nini, unakuta watatu ni wa gitaa na wa nne "anaimba". Hiyo bado si bendi. Mtafuteni mpiga drams, mengine yatafuata.

Na mpiga drams wa Mbeya yuko kanisani. Gitaa kavu mtu anaweza kujifunzia geto, lakini drams haziingii geto, bei yake mwanafunzi haigusi, na kijana wa kawaida hana pengine pa kuzikalia kila wiki bila kulipia. Wa kwetu tulimpata kwenye kwaya ya vijana kule Mwanjelwa. Fundi kwelikweli, ila damu yake ni sebene. Wimbo ukifika katikati mkono unakimbilia haihati, yale matoazi mawili ya kubana, wenyewe, anachangamka, na ghafla roki yetu imegeuka pambio. Tukamwomba apige kiki, ngoma kubwa ya mguu, kwenye pigo la moja na la tatu, snea, ngoma ndogo ya mbele yake, kwenye la mbili na la nne, basi, wimbo mzima. Toazi ligongwe mara moja tu, kiitikio kinapoingia. Alinuna, akasema tumemfanya kama mtu anayepigilia misumari. Siku tuliyojirekodi kwa simu akasikia jinsi wimbo ulivyosimama, hakusema kitu, aliomba tu urudiwe.

Ukimchukua mtu wa kwaya, heshimu ratiba ya kwaya. Jumamosi jioni usimguse. Maneno ya "muziki wa shetani" nayo yatakuja, msibishane na wazee. Mama wa mpiga drams wetu alitaka kujua tunaimba nini, tukamkaribisha mazoezini. Alikaa nyimbo mbili, akasema kelele zimezidi lakini maneno hayana ubaya, akaondoka zake. Hatukusumbuliwa tena.

Kwa wenzangu wa gitaa, neno moja. Mkishawasha ule mkwaruzo wa amplifaya (distortion), acheni kodi (chords) nzima nzima mlizofundishwa kwenye mapambio. Pigeni noti ya kwanza na ya tano tu ya kila kodi. Ukiongeza ya tatu kwenye gitaa linalokwaruza, noti zinagombana na sauti inakuwa uji. Na wawili msipige kitu kilekile: mmoja akishika chini, mwingine apande juu au anyamaze. Wazee wa muziki wa dansi walilijua hili zamani, ndiyo maana walikuwa na gitaa la solo na la ridhimu, kila moja na kazi yake.

Mtaambiwa pia kwamba roki ni ya Wazungu. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Tena Queen yenyewe ilikuwa bendi ya wanachuo: Brian May alisoma fizikia London, na John Deacon, mpiga besi aliyesomea elektroniki, alitengeneza amplifaya kwa saketi aliyoiokota kwenye takataka. Kama hiyo ni mbali, vukeni mpaka pale Tunduma. Miaka ya 1970 vijana wa Zambia walikuwa na roki yao, Zamrock, na bendi kama WITCH, wakipiga magitaa ya kukwaruza juu ya midundo ya kwao. Sisi wa Mbeya tuko jirani nao kuliko tulivyo na Dar.

Sasa umeme, na hapa naomba msome taratibu. Vyumba vingi vya kupanga havina waya wa ardhi. Mwimbaji anayepiga gitaa akishika nyuzi huku midomo iko kwenye maiki, umeme unaweza kupita kwake. Mwenzetu alirushwa mdomoni namna hiyo, tukacheka, halafu yule anayesomea umeme akatueleza kwa nini hapakuwa na cha kuchekesha. Tangu hapo hatukufunga vyombo mahali papya kabla hajapima soketi. Amplifaya na mixa vichomekeni kwenye ekstensheni moja, itapunguza na ule mngurumo, lakini kama ardhi haipo, ekstensheni haitamwokoa mtu. Mwiteni fundi, au hamieni pengine.

Mahali pa mazoezi: msihangaike na hosteli. Sisi tuliomba karakana ya seremala kule Iyunga, jioni akishafunga. Majirani walikwisha zoea mashine ya randa, sisi tulikuwa nafuu. Ubaya wake ni bati. Mvua za Mbeya zikianza Novemba, zikishuka hamsikii hata drams, sembuse mwimbaji. Jioni za namna hiyo tulizitumia kutunga, watu wanne wamezunguka gitaa kavu moja. Nyimbo zetu nzuri karibu zote ni za masika. Na tungeni kwa Kiswahili. Maneno yetu yanaishia kwenye irabu, unaweza kuivuta mpaka pumzi iishe, na roki inataka hivyo hivyo. Juni na Julai tatizo ni baridi: gitaa likitoka nje likaingia ndani, nyuzi zinahama, msikubali kuanza bila kurekebisha sauti zake upya.

Pesa. Kila mtu ana ari bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, na kila mtu ana udhuru likiisha. Changeni siku ileile linapoingia. Na msinunue kitu kwa umoja bila karatasi, maana kuna field, yale mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, kuna atakayeshika sapu, mtihani wa kurudia, akaitwa nyumbani, kuna atakayemaliza mwaka mmoja kabla yenu. Andikeni amplifaya ni ya nani, nani katunga nini, anayeondoka anarudishiwa kiasi gani, na wote mtie saini. Mkianza kulipwa mtakwenda kujisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na huko mtaulizwa bendi ni ya nani. Bora muwe mmeshaulizana wenyewe.