Kahawa ya Mgahawani Kila Siku: Mmeuliza, Tunajibu

Barua nyingi za mara hii zinalia na jambo moja: kikombe cha kahawa tamu kinachonunuliwa mgahawani kila asubuhi, kinachomaliza hela na kuongeza uzito. Zinazofanana tumeziunganisha, na ndefu tumezifupisha.

Kila siku ya kazi nanunua lati kubwa ya karameli yenye krimu juu. Nimejaribu kuacha mara tatu, na kila mara narudi kabla wiki haijaisha. Nguo zinabana na mwisho wa mwezi sijui hela imekwenda wapi. Nianzie wapi?
*Mfanyakazi wa ofisini*

Pole, na usijilaumu. Njia uliyoitumia, ya kuacha kila kitu siku moja, ndiyo ngumu kuliko zote. Kikombe hicho kimebeba mambo matatu pamoja: kafeini ambayo mwili umeizoea, utamu ambao ulimi umeuzoea, na zile dakika kumi za kutembea na kupumua kabla kazi haijakumeza. Ukivikata vyote asubuhi moja, kichwa kinauma, ulimi unadai na siku inaanza na pengo. Hapo mtu hudhani hana nia, kumbe amebeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja.

Tukipasue kikombe chenyewe. Lati ya mililita 475 huwa na espreso mbili, yaani vipimo viwili vidogo vya kahawa nzito, ambazo hazifiki kalori 10. Maziwa yenye mafuta yote, kama mililita 350, huleta takriban kalori 220. Pampu nne za shira, yaani mibonyezo minne ya chupa yake, ni kalori 80 na gramu 20 za sukari. Krimu ya juu huongeza 70 hadi 100. Jumla inakaribia 400, na kahawa yenyewe karibu haimo katika hesabu hiyo. Kibaya zaidi, kalori za kunywa hazishibishi kama za kutafuna, kwa hiyo chakula cha mchana hakipungui kwa sababu ya lati ya asubuhi.

Ukisoma jedwali la virutubishi la kinywaji usishtuke kuona sukari gramu 37 au zaidi: karibu nusu ni sukari asilia ya maziwa. Ya kuhesabu ni ile iliyoongezwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na unasema kushuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Shira peke yake inakula sehemu kubwa ya hizo 25 kabla hujagusa chakula.

Sasa hatua. Wiki ya kwanza endelea kwenda mgahawani kama kawaida, ila krimu isiwekwe. Tunaanza nayo kwa sababu huyeyuka ndani ya dakika chache na baada ya mafunda ya mwanzo huisikii tena. Wiki ya pili shuka ukubwa wa kikombe. Uliza kwanza kina espreso ngapi, kwani katika migahawa mingi kikombe kikubwa kinaizidi saizi ya chini yake kwa maziwa na shira tu, si kwa kahawa. Kuanzia wiki ya tatu punguza shira pampu moja kila baada ya siku tano hadi saba. Usiruke kutoka nne hadi sifuri. Ulimi unaoshushwa polepole huzoea, na baada ya wiki chache kinywaji cha zamani utakiona kitamu kupita kiasi.

Hadi hapo hujaacha kwenda mgahawani, na hilo ni la makusudi. Shira ikifika pampu moja au sifuri, ndipo uchague siku mbili za wiki za kunywa kahawa ya nyumbani. Ziwe siku maalumu, tuseme Jumanne na Alhamisi. Ukisema "nitaenda tu siku nikichoka", kila siku itageuka siku ya kuchoka. Wiki mbili baadaye ongeza ya tatu. Wengi wanaofika kwenye safari moja kwa wiki hubaki hapo, na sisi hatuoni ubaya wowote.

Angalia pia unachonunua *pamoja* na kahawa. Wapo wanaopunguza shira kisha wakaanza kuchukua keki kubwa pale kaunta, yenye kalori 400 au zaidi, na kulipia zaidi ya walivyokuwa wakilipa.

Kuhusu hela, piga hesabu moja tu: bei ya kikombe chako mara 260, yaani siku 5 kwa wiki 52. Iandike uione. Upande wa pili, pakiti ya gramu 250 hutoa vikombe 16 ukitumia gramu 15 kwa kikombe. Kama unalipa kwa programu ya mgahawa kwenye simu, zima uongezaji salio wa moja kwa moja, ondoa kadi ya benki, zima arifa, kisha tumia salio lililobaki hadi liishe. Pointi za zawadi zimeundwa ili urudi. Usinunue kikombe ili tu zisipotee.

Itachukua muda gani? Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mtandaoni mwaka 2009, ulikuta tabia mpya hukomaa kwa wastani wa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia 18 hadi 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi yote. Kwa hiyo ukiteleza Jumatano, Alhamisi endelea palepale ulipokuwa, usirudi mwanzo.

Niliacha kahawa ghafla. Kesho yake kichwa kikauma vibaya, nikawa na hasira na usingizi. Je, ni arosto kweli, au ni ugonjwa mwingine?
*Msomaji*

Dalili ulizoeleza ni za kukosa kafeini. Kwa kawaida kichwa huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, na hali yote huisha ndani ya siku mbili hadi tisa. Kafeini hubana mishipa ya damu ya kichwani. Ikiondoka ghafla mishipa hupanuka, na maumivu yakafuata.

Dawa yake ni kushuka kwa ngazi. Espreso moja ina kafeini ya miligramu 60 hadi 75, na kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja huwa na kama 95. Jumlisha unachokunywa kwa siku, kisha punguza robo kila baada ya siku tatu au nne. Njia rahisi ni kuchanganya kahawa ya kawaida na ile iliyoondolewa kafeini: robo tatu kwa robo, halafu nusu kwa nusu, na kuendelea. Kumbuka hiyo ya pili bado ina miligramu chache. Angalia na dawa za maumivu, kwani baadhi zina kafeini ndani, nawe utakuwa umerudi ulikotoka bila kujua.

Ila si lazima kuacha kafeini kabisa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, iliona miligramu 400 kwa siku hazina tatizo kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa mjamzito na anayenyonyesha kiwango ni 200. Mwili huhitaji takriban saa tano kuondoa nusu yake, na mjamzito huhitaji muda mrefu zaidi, hivyo kikombe cha saa kumi jioni bado kinafanya kazi unapopanda kitandani. Maumivu ya kichwa yanayozidi siku kumi, au yaliyokuja ghafla na makali kuliko yote uliyowahi kuyapata, yapeleke kwa daktari.

Kahawa ninayotengeneza nyumbani ni chungu na nyepesi kwa wakati mmoja. Naijaza sukari ndipo inyweke, na mwisho narudi mgahawani. Nakosea wapi?
*Mpenda kahawa*

Barua hii imetufurahisha, maana imegusa mahali ambapo wengi hukwama. Kahawa mbaya ya nyumbani ndiyo mlango ambao sukari na mgahawa huingilia tena.

Chungu na nyepesi pamoja maana yake umetumia kahawa kidogo, ukaiacha majini muda mrefu. Maji yakishamaliza ladha nzuri huanza kuvuta uchungu. Usipunguze muda peke yake, ongeza kahawa. Kipimo cha kuanzia ni gramu 15 kwa mililita 250 za maji. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa sababu kijiko kilekile hubeba uzito tofauti kulingana na jinsi kahawa ilivyosagwa na kukaangwa. Maji yawe kati ya nyuzi 90 na 96: yakichemka, ondoa birika motoni, subiri nusu dakika, kisha mimina.

Ukitumia jagi lenye mchi wa kushindilia, kahawa isagwe chenga kama chumvi ya mawe. Mimina maji, koroga, funika kwa dakika nne, sukuma mchi taratibu, kisha mimina yote vikombeni. Inayobaki juu ya machicha huendelea kuwa chungu. Ukitumia kichujio cha karatasi, saga laini kidogo, kama mchanga. Suuza karatasi kwa maji moto kwanza, lowanisha kahawa kwa mililita 40 na usubiri nusu dakika ipumue, ndipo umimine maji mengine kwa mizunguko midogo. Yote yapite ndani ya dakika tatu hivi. Yakikwama, umesaga laini mno. Yakipita mbio na kahawa ikawa chachu, umesaga chenga mno. Rekebisha usagaji kwanza kabla ya kugusa kitu kingine, na ubadilishe jambo moja tu kwa kila jaribio. Mwenye kolesteroli ya juu achague karatasi, kwa sababu hunasa mafuta ya kahawa yanayopandisha kolesteroli mbaya.

Anayetaka ladha inayokaribia espreso anunue birika dogo la vyumba viwili, lile la aluminiamu lililotoka Italia mwaka 1933. Jaza maji ya moto hadi chini ya vali, weka kahawa bila kuishindilia, tumia moto mdogo, na uepue mara tu linapoanza kukoroma. Kuishindilia huziba njia ya maji na kuongeza shinikizo. Kuliacha likorome hadi mwisho ndiko kunakoleta ladha ya kuungua.

Povu la maziwa halihitaji mashine. Chukua mililita 150 za maziwa yaliyopunguzwa mafuta, ambazo ni kama kalori 70. Tia kwenye chupa yenye mfuniko, isijae kupita theluthi, utikise kwa sekunde 45 maziwa yakiwa *baridi*. Ondoa mfuniko, pasha kwenye maikrowevu kwa sekunde 30 hadi 45. Usitikise maziwa ya moto ndani ya chupa iliyofungwa, mvuke utafyatua mfuniko na kukuunguza. Lenga nyuzi 60 hadi 65. Yakipita 70 povu huanguka na harufu ya kupikwa huingia. Kikombe hicho, bila shira, hakifiki robo ya kalori za lati iliyoelezwa juu.

Ukihitaji utamu, chemsha gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji pamoja na kijiti cha mdalasini, ipoe, weka kwenye friji. Kijiko kimoja cha chai kina sukari gramu 3 tu, na unapima mwenyewe.

Je, nikihamia shira zisizo na sukari nitapungua?
*Msomaji*

Kalori za kikombe zitapungua, ndiyo. Lakini ulimi utabaki palepale ukitaka utamu mkali, na ndiyo sababu hatupendi kuzipendekeza zaidi ya wiki chache za mpito. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee viongeza utamu visivyo na sukari kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Hao wafuate maelekezo ya daktari wao.

Wenzangu hutoka pamoja saa nne kwenda mgahawani. Nisipokwenda najiona nimejitenga.
*Mfanyakazi mwenzenu*

Nenda. Zile dakika kumi zina thamani yake, tena usiziguse. Agiza espreso, au kahawa nyeusi ndogo yenye maziwa kidogo, na uwe umeamua kabla ya kufika kwenye foleni. Ukisubiri uisome menyu ukiwa mbele ya kaunta, mdomo utataja kinywaji cha zamani wenyewe. Kama ni zamu yako kulipia, usiongeze saizi ili uonekane mkarimu.

Kahawa ninayobeba kazini kwenye themosi huwa chachu ikifika saa nne. Na maziwa ya soya hukatika nikiyatia.
*Mama wa watoto wawili*

Usichanganye maziwa ndani ya themosi. Kukaa vuguvugu kwa saa kadhaa huyaharibu, na si salama. Beba kahawa nyeusi, maziwa yawe peke yake kwenye friji ya kazini. Kabla ya kujaza, tia maji yanayochemka kwenye themosi dakika tano, yamwage, kisha tia kahawa hadi karibu na mdomo. Hata hivyo inywe ndani ya saa mbili au tatu, kwani ladha hubadilika ikikaa kwenye joto. Kama bado inanuka vibaya, tatizo ni mafuta ya zamani yaliyoganda ndani: kijiko kimoja cha bikaboneti ya soda na maji moto, usiku kucha, kisha suuza sana. Mfuniko na mpira wake uvioshe kila siku, ndiko harufu hujificha.

Soya hukatika kwa sababu ya asidi ya kahawa ikikutana na joto kali. Pasha maziwa kwanza hadi yawe vuguvugu, iache kahawa ipoe dakika mbili, kisha mimina kahawa ndani ya maziwa polepole, si maziwa ndani ya kahawa. Kahawa iliyokaangwa zaidi huwa na asidi kidogo, nayo husaidia.