Mahakama imetutenganisha: je, naweza kuolewa?

SWALI: Mimi ni Myahudi, naishi London. Mahakama imetoa amri ya awali ya talaka, ya mwisho bado. Mume wangu anasema hati ya talaka mbele ya marabi atanipa nikimwachia fungu langu la nyumba. Kaka yangu anasema nisihangaike: sheria ya nchi ni sheria, nichukue amri ya mwisho niolewe. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Usiolewe bila hati, na nyumba yako usiitoe.

Kauli ya Shmueli, mwalimu wetu wa kale wa Babeli, kwamba sheria ya nchi ni sheria kaka yako ameisikia nusu. Hiyo ni ya mambo ya mali: kodi, mauzo, mikataba. Mishna, mkusanyo wetu wa kale wa sheria, katika kitabu chake cha talaka, Gitini sura ya 1, inakubali nyaraka za mahakama za wasio Wayahudi, kisha inatenga mbili: hati ya talaka na hati ya kumwacha huru mtumwa. Shmueli aliijua Mishna hiyo vizuri kuliko kaka yako! Hati yetu huandikwa kwa mkono, mistari 12, kwa ajili yenu wawili tu, ikitaja mji na mto wake, na mume huiweka viganjani mwako mbele ya mashahidi. Amri ya jaji haina hata kimoja katika hayo. Ukiolewa nayo, bado u mke wa mtu, na mtoto utakayemzaa ni mamzeri, yaani mtoto wa muungano uliokatazwa na Torati, atakayekataliwa ndoa kwetu. Siku hiyo kaka yako atasema nini?

Ila mahakama ina kazi yake. Sheria ya Uingereza ya 2002 inamruhusu jaji kuizuia amri ya mwisho mpaka mthibitishe nyote kwamba mmefanya yanayotakiwa kuivunja ndoa ya dini. Kwa hiyo usiiombe amri hiyo. Mwambie wakili wako aombe zuio, haraka, kabla mumeo hajaiomba yeye. Wapo watakaosema hati ya namna hiyo ni ya kulazimishwa, kwa hiyo batili. Sikubali. Jaji hamwamuru atoe hati. Mumeo naye anabaki bila talaka ya serikali, basi.

Anayeuza hati kwa nyumba anaifanya Torati kuwa kamba ya kumfungia mkewe. Peleka shauri kwa mahakama ya marabi, waambie wazi bei aliyokutajia, na uende na mtu unayemwamini. Kabla ya hapo usitie sahihi karatasi yoyote atakayokuletea, hata akija na mama yake.